Kengele ya Shule Iliyokuwa Gurudumu la Kifaru

(Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi mitambo na wapenda historia, Dodoma. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa vicheko.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, vijana, na nyinyi mafundi wenzangu mliojazana viti vya nyuma kama kawaida yenu: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana.

Kabla ya maneno, naomba kijana mmoja asiyeogopa kuchafuka apande hapa anyanyue hili dude lililo juu ya meza. Njoo, baba. Shika kwa chini. Haya... Mmemwona? Ameshamwita mwenzake. Wapigieni makofi, wakakae.

Dude hili lilikuwa kengele. Lilining'inia kwenye mkwaju nje ya shule moja ya msingi upande wa Kongwa, miaka na miaka. Mwanafunzi wa zamu analigonga na kipande cha nondo, na huko kisimani kina mama wanajua saa imefika. Mimi nimelipata kwa kubadilishana: niliwapelekea rimu ya lori, nzuri, nimeipaka rangi ya bluu, wao wakanipa hili na kuniona mjinga. Pale kijijini hakuna aliyekuwa na shaka juu ya asili yake. Mzee mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Hilo ni gurudumu la kifaru cha Mjerumani."

Mnacheka, lakini mnajua tulivyo. Hapa kwetu kila chuma kizito ni cha Mjerumani. Daraja la Mjerumani, shimo la Mjerumani, na chini ya mbuyu fulani kuna dhahabu ya Mjerumani, ila mwenye ramani kafa. Sasa niwaambie: katika vita ya 1914 hadi 1918 huku kwetu, Mjerumani hakuwa na kifaru hata kimoja. Mwingereza naye alileta magari ya deraya ya Rolls-Royce, na hayo yalitembea kwa matairi ya kawaida, si kwa cheni. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alitembea kwa miguu. Vita ile ilibebwa vichwani na wapagazi, na wengi wao hawakurudi makwao.

Kwa hiyo mzee alikosea? Nusu. Mjerumani hayumo. Kifaru kimo.

Hapo ndipo kazi yetu ya leo ilipo. Mtu anakuletea gurudumu moja, halina mwenzake, halina kibati cha namba, limeungua, limeliwa na kutu, anakuuliza: hili ni la nini? Wapo wanaojibu kwa kuangalia picha. Picha inadanganya, kwa sababu gurudumu likiwa peke yake kwenye picha halina ukubwa. Mimi nimefanya kazi ya rola za katapila maisha yangu yote, na naamini fundi wa chini ya mtambo, yule anayelala kwenye tope na kopo la grisi, analijibu swali hili vizuri kuliko msomaji wa vitabu vya vita. Anajua kwamba gurudumu halikutengenezwa lipendeze. Limetengenezwa libebe mzigo, na kila tundu lililopo lina sababu yake.

Tuanze na hili hapa. Sogeeni. Swali langu la kwanza siku zote ni: lilishikwaje? Angalieni katikati. Kuna tundu linalopita kutoka upande huu mpaka upande ule, na nyumba ya beringi huku na huku. Hakuna uso wa mbele na uso wa nyuma. Ukiligeuza ni lile lile. Maana yake ekseli ilipita katikati na ikashikwa pande zote mbili, kama gurudumu la mbele la baiskeli linavyoshikwa na uma. Hili tu limeshaondoa vifaru vingi mezani. Magurudumu ya Panther na ya Tiger, vifaru vya Wajerumani, na ya T-34 ya Warusi, yalining'inia kwenye mkono unaotoka tumboni mwa kifaru, yameshikwa upande mmoja tu. Hayo yana uso: nje utakuta kifuniko cha habu na duara la bolti, ndani utakuta mahali pa kuingilia mkono.

Pili, lilichakaa wapi? Pitisha kidole hapa ukingoni. Unasikia? Kumelika, kumekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Na upande wa pili vivyo hivyo. Cheni ya kifaru haikai chini ya gurudumu kwa hisani. Ina meno ya kuiongoza isitoke. Kwenye vifaru vingi vya Wajerumani na Warusi magurudumu yalikuwa mawili mawili, na jino la cheni lilipita katikati yao, hivyo chuma kinalika kwa ndani, kwenye nyuso zinazotazamana. Hili lina alama nje, pande zote mbili. Kwa hiyo lilikuwa moja, pana, na meno ya cheni yalipita kushoto na kulia kwake.

Tatu, futi. Nimelipima: inchi 16 kipenyo, upana karibu inchi 9. Kijana wangu aliyekuja na simu akatafuta "gurudumu la kifaru inchi 16" hakupata kitu, akakata tamaa. Kosa lake lilikuwa dogo tu: alisahau kwamba huyu yuko uchi. Gurudumu hili lilivaa tairi. Siyo tairi la upepo. Raba nzito iliyogandishwa kwenye bangili ya chuma, na bangili ikasukumwa kwa presi juu ya gurudumu. Mtu alichoma raba zamani, labda apate chuma, labda watoto walitaka moto, na bangili ikatoka. Ukitazama ukingo huu utaona rangi ya samawati iliyofifia; chuma kilipata joto.

Vifaru vya Kimarekani vya vita ya pili viliandikwa saizi kwenye raba yenyewe, kwa herufi za kuvimba kama tairi la gari. Nambari inayotuhusu ni 20x9x16. Ishirini ni kipenyo ukiwa umevaa raba, tisa ni upana, kumi na sita ni kipenyo cha ndani. Mtu huyu ni M4, yaani Sherman. Sita kila upande, wawili wawili kwenye mabogi matatu, yaani fremu zinazoyashika magurudumu.

Ngojeni, msipige makofi. Kuna kifaru kidogo cha Marekani kinaitwa Stuart. Nacho kimevaa 20x6x16. Kipenyo kile kile! Tofauti ni upana: inchi 6 badala ya 9. Nimeona mtu anapima kipenyo peke yake, anafunga futi kamba, anatangaza. Na hata Wajerumani wako jirani hapo hapo: gurudumu la Panzer III lilikuwa milimita 520, la Panzer IV milimita 470, na hili la Sherman likivaa raba ni milimita 508. Nyuma ya kutu na raba iliyolika, milimita 12 ni kitu gani? Ndiyo maana nikaanza na tundu la katikati kabla ya futi. Panzer III na IV ni mapacha wembamba walioshikwa upande mmoja. Sherman ni bwana mmoja mnene aliyeshikwa kote. Huwezi kuwachanganya hata gizani, ukiwa umewapapasa.

Sasa Sherman alifuata nini Kongwa?

Wazee wa hapa mnajua jibu: karanga. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ikabuni mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Kufyeka pori la Ugogo kulihitaji matrekta ya cheni, na mwaka 1947 dunia nzima ilikuwa inayataka. Walinunua mitumba ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, ikafika imechoka. Basi kampuni ya Vickers, watengenezaji wa silaha, wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki bila kazi, wakavua mnara na deraya, wakatengeneza trekta. Jina likaunganishwa: Sherman na Vickers, wakaliita Shervick. Yakaja huku kung'oa vichaka.

Hayakudumu. Ukiniuliza mimi fundi, sishangai. Kifaru kimetengenezwa kukimbia, kupumzika, kukimbia tena. Trekta linavuta kutwa, polepole, kwa nguvu zote. Tena udongo wa Kongwa, mnaujua: masika ni tope, kiangazi ni saruji, na mchanga wake unakula chuma kama tupa. Majembe ya plau yaliisha kwa siku chache. Mibuyu ndiyo usiseme. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafungwa, umeshameza mamilioni ya pauni, na vyuma vikabaki vimetapakaa. Watu wetu wakafanya walichofanya siku zote: hiki kikawa fuawe ya mhunzi, kile kikawa mlango wa zizi, na hiki kikawa kengele.

Kwa hiyo chuma kinaniambia Sherman, na mahali kilipookotwa pananiambia Shervick. Angalieni kwamba hayo ni maneno mawili tofauti, kutoka kwa mashahidi wawili tofauti. Gurudumu hili hili ningelikuta Uganda, ningesema mengine, kwa sababu jeshi la Idi Amin lilikuwa na vifaru vya Sherman. Gurudumu linataja ukoo. Jina la mtoto halitaji. Mzinga wa kujiendesha wa M7 ulivaa magurudumu haya haya, M10, gari la kuwinda vifaru, pia. Upande wa Wajerumani, StuG III, mzinga wa kujiendesha, ilivaa magurudumu ya Panzer III, na Jagdpanther, gari la kuwinda vifaru, ilivaa ya Panther. Anayekuambia kwa gurudumu moja tu kwamba lilitoka gari fulani, kikosi fulani, vita fulani, muulize amelipataje na wapi. Akianza kubabaika, rudisha pesa yako mfukoni.

Nami nimewahi kubabaika, niseme ukweli. Nina mpwa wangu anasoma Poland. Kule kuna minada ya vitu vya vita kama huku tunavyokuwa na mnada wa ng'ombe. Jumapili moja akanitumia picha: "Mjomba, kuna jamaa anauza gurudumu la Tiger, bei hii." Na hili nalo mlielewe: huku kila chuma ni cha Mjerumani, kule kila gurudumu ni la Tiger. Nikamwambia apime. Akapima: sentimita 82 na kitu, raba imelika. Tiger ni 80. Panther ni 86. Nikafurahi, nikajibu haraka haraka kama mtu aliyelipwa kwa neno: "Siyo Tiger, mwanangu. Hiyo ni T-34, sentimita 83." Na kwa sababu T-34 ndicho kifaru ninachokipenda, nikamwandikia na maelezo, kurasa mbili.

Kesho yake akaniuliza kwa adabu: "Mjomba, na hizi bolti?" Bolti gani? "Zimezunguka ukingo wote. Nimehesabu 32."

Nilinyamaza kidogo. Raba ya T-34 imegandishwa kwenye chuma chenyewe. Haina haja ya pete ya kuibana. Hili lilikuwa na pete iliyofungwa kwa bolti kuishika raba, na lilikuwa gurudumu moja, si pacha. Lilikuwa la Hetzer, kile kifaru kifupi cha Wajerumani kilichotengenezwa Prague na Plzeň kuanzia 1944, kimerithi muundo wa kifaru cha Kicheki. Wanne wakubwa kila upande, milimita 825. Baadaye, kurahisisha kazi, bolti 32 ziliachwa wakatumia ribiti 16. Mpwa wangu alikuwa amehesabu. Mimi nilikuwa nimependa. Na hata hapo nikamwambia asinunue kwa bei ya vita, maana baada ya 1945 Wacheki waliendelea kuvitengeneza wakawauzia Waswisi 158.

Tangu siku hiyo nahesabu bolti kabla ya kufungua mdomo. Panther ya mwanzo ilikuwa na bolti 16 ukingoni. Baadaye wakaziongeza zikawa 24, kwa sababu ukingo na raba zilikuwa zinaachia. Idadi ya bolti siyo urembo. Ni malalamiko ya mafundi wa mbele yaliyofika kiwandani.

Niseme kidogo juu ya raba, kwa sababu hapa ndipo tarehe zinapojificha. Tiger ilianza na magurudumu yaliyopishana kama magamba ya samaki, matatu kwa kila ekseli, ekseli nane kila upande. Hesabuni: 24 kwa 24, jumla 48. Uzito umegawanywa vizuri, kifaru kinaelea juu ya tope. Lakini la ndani likipasuka raba, fundi anavua ya nje yote yanayolifunika kabla ya kuligusa. Na Urusi wakati wa baridi tope liliingia katikati ya magurudumu usiku, likaganda, asubuhi kifaru hakitoki. Mwanzoni mwa 1944 wakaachana na tairi la raba nje. Wakaweka gurudumu la chuma tupu lenye raba iliyofichwa ndani, karibu na habu. Mawili kwa ekseli. Kwa hiyo ukipewa gurudumu la sentimita 80, lina alama ya raba nje au halina, umeshajua ni Tiger ya kabla au ya baada. Ila kuwa makini: Tiger II nayo ilivaa ya chuma, sentimita 80 hizo hizo.

Warusi walifika huko mapema zaidi, kwa shida. Kufikia 1942 raba ilikuwa imewaishia, na kiwanda cha Stalingrad kikatoa T-34 zenye magurudumu ya chuma. Kelele zake zilisikika mbali, na mtetemo ulilegeza kila nati. Baadaye kidogo raba ikapatikana, wakaipanga kwa akili: gurudumu la kwanza na la tano likavaa raba, matatu ya katikati yakabaki chuma. Fundi anaelewa kwa nini. La mbele na la nyuma ndiyo yanayopigwa zaidi.

Na uhaba huo wa raba haukuishia kwao. Mjapani alipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942, Uingereza na Marekani zikapoteza mashamba yao makubwa ya mpira. Huku kwetu Tanga, mashamba ya mpira yaliyopandwa na Wajerumani na kutelekezwa yalifufuliwa, na watu wakapelekwa kwa amri ya serikali kugema. Babu zenu wengine walikuwemo. Mkiona gurudumu la raba la vita ile, mjue kuna mtu pia alilazimishwa kuamka alfajiri na kisu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na usafi, maana najua mkitoka hapa mtaenda kuchokonoa skrepa.

Usianze na grainda. Grainda inafuta ushahidi: rangi za tabaka tabaka, herufi za kumiminwa, nambari za kiwandani, zote zinakwenda na cheche. Anza na brashi ya waya, mafuta ya taa, na subira. Chaki ukiisugua juu ya maandishi yaliyofifia inakaa kwenye mabonde na herufi zinainuka zenyewe. Chukua sumaku. Gurudumu kubwa likikataa sumaku, pengine ni alumini, na hapo fikiria kwanza vifaru vya baada ya vita, kama M60 ya Marekani. Ukikuta magurudumu mawili ya ukubwa tofauti mahali pamoja, usikimbilie kusema ni magari mawili: Valentine ya Mwingereza ilivaa inchi 24 na inchi 19 na nusu kwenye upande mmoja. Likiwa halina dalili yoyote ya raba, lina midomo ya chuma pembeni na limejaa kama pipa, basi, kijana wangu, hiyo ni rola ya katapila, na bosi wako anaitafuta.

Na kama unachimbua mahali palipopiganwa vita, hata Kagera, ukaona kitu cha duara kidogo chenye ncha, acha hapo hapo, weka alama, kaite polisi. Mimi nina vidole kumi na nataka kuzikwa navyo.

Basi. Brashi ziko tatu kwenye ndoo, chaki ipo, venia kalipa ni yangu naomba irudi. Upande huu wa gurudumu sijausugua makusudi. Kuna kitu kama herufi hapa chini ya kutu, karibu na tundu la grisi. Nani anaanza?